Antiroka Isiwe Sheria

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam akitaka kuanza kugraindi, swali lake la kwanza huwa ni fremu gani anunue, na jibu hupewa kabla hajamaliza kuuliza: tafuta antiroka. Magurudumu mawili makubwa, la mbele na la nyuma. Mawili madogo, magumu, katikati, yasiyogusa chini. Hiyo, ataambiwa, ndiyo fremu ya mtu aliyekusudia. Flati, yenye magurudumu manne yaliyolingana na yote yakikanyaga lami, ataambiwa ni ya wanaojifunza, ya watoto, ya watu wa mazoezi ya asubuhi. Napinga jibu hilo. Antiroka ina mahali pake na nitapataja, lakini imegeuzwa sheria katika miji ambayo haina hata moja ya sababu zilizoizaa, na wanaolipia sheria hiyo ni vijana wasio na pesa ya kubahatisha.

Nimweleze kwanza msomaji asiyeujua mchezo huu. Kugraindi ni kuruka na kutua juu ya reli ya ngazi, ukingo wa ukuta wa zege au bomba lililo kwenye mdomo wa rampu, kisha kuserereka juu yake kwa fremu au kwa soli ya kiatu, magurudumu yakiwa hayazunguki. Ili reli ipate pa kukaa, fremu huachiwa pengo katikati, baina ya gurudumu la pili na la tatu. Ubishi wote unatokana na pengo hilo. Reli ikiingia ndani yake, mwili unaserereka. Reli ikikutana na gurudumu, gurudumu linang'ata, mguu unasimama ghafla, na mwili unaendelea na safari yake peke yake. Aliyewahi kung'atwa hivyo juu ya chuma hahitaji kusimuliwa maumivu yake, na naelewa kabisa kwa nini watu huikimbilia fremu inayoahidi kuwaepusha nayo. Ndiyo maana ahadi hiyo inastahili kupimwa kwa rula.

Turudi ilikotoka. Kampuni ya Rollerblade, iliyoanzia Minnesota, Marekani, mwaka 1980 chini ya ndugu wawili, Scott na Brennan Olson, haikuwa na reli za ngazi akilini. Wacheza hoki ya barafuni walihitaji kitu cha kufanyia mazoezi barafu inapoyeyuka, na skeiti zile zilitengenezwa kukimbia. Ekseli zake zilipangwa kwa nafasi sawa kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa mkimbiaji hana haja ya pengo. Vijana walipoanza kupanda reli na kingo nazo, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wakitumia chombo kisichoundwa kwa kazi hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua fremu ambayo kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho ni milimita 250, kipimo kisichokuwa mbali na fremu nyingi za kugraindi. Iwekee magurudumu manne ya kipenyo cha milimita 58. Ekseli zikiwa na nafasi sawa, kati ya gurudumu na gurudumu panabaki milimita 25 tu. Bomba la chuma linalofungwa sana kwenye midomo ya rampu lina kipenyo cha karibu milimita 60. Haliwezi kuingia hapo kwa namna yoyote. Sasa toa magurudumu mawili ya katikati, weka ya milimita 42. Pengo linapanda hadi milimita 41, na bomba, ingawa haliingii lote, limepata pa kulalia. Kwa fremu ya namna ile, antiroka ilikuwa ukombozi. Waskeiti wenyewe ndio walioigundua haja hiyo, wakafunga mabamba ya chuma kulinda fremu zao, na kampuni zilizoanzishwa na waskeiti, kama Senate ya akina Arlo Eisenberg, zikawauzia vijana magurudumu madogo na magumu ambayo watengenezaji wakubwa hawakuyafikiria. Nawaheshimu watu wale. Walitatua tatizo lililokuwa mbele yao.

Lakini tatizo lenyewe limeondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mfumo wa UFS, unaowezesha fremu ya kampuni moja kufungwa kwenye kiatu cha kampuni nyingine kwa bolti mbili, na fremu ikawa bidhaa inayojitegemea, inayoshindaniwa na mafundi wanaojua kugraindi. Watu hawa walifanya jambo dogo lenye faida kubwa: waliacha nafasi sawa. Gurudumu la pili walilisogeza karibu na la kwanza, la tatu wakalisogeza karibu na la nne, na katikati pakafunguka. Rudia hesabu ile ile kwa milimita 250 na magurudumu ya 58, ukiacha milimita 4 baina ya magurudumu ya kila jozi. Pengo la katikati sasa ni milimita 68. Bomba lile la 60 linapita, na nafasi inabaki. Weka magurudumu ya 42 katikati, pengo linakuwa 84.

Basi faida yote ya pengo ambayo antiroka inakupa juu ya fremu ya kisasa ni milimita 16, nane kila upande. Mtu aliyejifunza kutua hakosei kwa milimita nane tu na kunusurika kwa milimita nane. Na mtu ambaye hajajifunza hukosea kwa sentimita tatu au nne, na hapo atatua juu ya gurudumu hata likiwa dogo. Pia, kuna graindi nzima ambazo hazilitumii pengo kwa mguu unaobeba uzito. Makio huchezwa kwa mguu mmoja juu ya bamba la soli, upande wa nje wa kiatu, mwingine ukiwa hewani. Katika ile iitwayo soul, mguu wa nyuma umelalia bamba hilo hilo na wa mbele pekee ndio unaohitaji pengo. Ukubwa wa magurudumu ya katikati hauibadilishi makio hata kidogo.

Najua wanachojibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema pengo ni nusu ya hoja. Nusu nyingine ni ugumu. Magurudumu ya antiroka huwa na ugumu wa karibu 100 kwa kipimo cha Shore A, wakati yale ya kukimbilia ni kati ya 85 na 92. Gurudumu gumu likitua juu ya reli, linateleza badala ya kung'ata. Ni kweli. Hii ndiyo faida halisi ya antiroka na anayeikana hajawahi kuzipanda zote mbili. Mtu anayeshuka reli ya ngazi kumi na tano kwa mwendo mkali, akiibadilisha graindi moja kwenda nyingine katikati ya reli, anahitaji msamaha huo na anajua kuutumia. Ninachouliza ni hiki: mtu huyo ni nani, na anaskeiti wapi?

Anaskeiti mahali palipoandaliwa. Mashindano makubwa ya Winterclash yalifanyika kwa miaka mingi ndani ya Area 51, ukumbi ulioko Eindhoven, Uholanzi, wenye sakafu laini na paa juu. Video zilizoujenga mchezo huu zilipigwa California kwenye ngazi za shule na vyuo, Barcelona kwenye viwanja vya mawe yaliyosuguliwa. Mskeiti wa video hufika kwenye reli kwa gari, hupata mita chache za zege laini za kuchukulia kasi, hugraindi, hutua, na kamera huzimwa. Huoni safari yake ya kurudi nyumbani kwa sababu hakurudi kwa skeiti. Fremu aliyoivaa ilichaguliwa kwa ajili ya sekunde sita, na kwa sekunde hizo ilikuwa chaguo zuri. Mchezo uliingia kwenye mashindano ya runinga ya X Games mwaka 1995, ukawa humo hadi 2004, na 2005 haukuwamo tena. Runinga ilipoondoka, video hizo zikabaki kuwa shule pekee ya vijana walio mbali. Shule ile iliwafundisha mengi mazuri. Iliwafundisha pia kuvaa kama mtu asiyetembea.

Kwetu kuskeiti ni kutembea. Viwanja vya zege vilivyojengwa kwa ajili ya kuteleza vinahesabika. Uwanja wa Shangilia jijini Nairobi na ule wa Kitintale jijini Kampala vimewalea wengi, lakini vilijengwa kwanza kwa ajili ya mbao za kuteleza, na vijana wanaokaa mbali navyo ni wengi kuliko wanaokaa karibu. Mskeiti wa kwetu hutoka mtaani kwake, hupita lami yenye viraka, huvuka kabro, huruka mtaro, hukwepa bodaboda, hufika kwenye maegesho ya magari yaliyo tupu siku ya Jumapili, hugraindi ukingo mmoja uliopakwa nta hadi ukawa mweusi, kisha hurudi njia ile ile jioni akiwa amechoka. Kati ya saa tatu alizovaa skeiti, dakika alizokuwa juu ya ukingo ni chache mno. Muda uliobaki alikuwa juu ya magurudumu. Kumchagulia fremu kwa kuangalia dakika hizo peke yake ni kumdhulumu saa zote nyingine.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo antiroka inapoumiza na watu hawaelezwi kwa nini.

Fikiria ufa kwenye zege, upana wake milimita 30, mfano wa kiungio cha daraja au tundu la kifuniko cha mtaro. Gurudumu la milimita 58 likiangukia ndani ya ufa huo huzama kwa milimita 4 na ushei kabla halijaugonga ukingo wa pili. Kwa mtu anayekwenda kasi, hiyo inatosha kumpinda mbele. Lakini je, litaangukia? Kwenye flati, gurudumu la mbele linapokuwa juu ya ufa, la pili, la tatu na la nne bado yako juu ya ardhi imara. Uzito wa mwili uko katikati ya mguu au karibu na kisigino, nyuma ya gurudumu la pili. Fremu haina sababu ya kuinama. Gurudumu la mbele linaning'inia hewani kwa kitambo kidogo, linafika ng'ambo likiwa usawa ule ule, na ufa umepita bila mwenye mguu kusikia zaidi ya mlio. Kisha linafuata la pili, nalo linabebwa na wenzake. Kila gurudumu lina jirani wa kulishikia nafasi.

Kwenye antiroka hakuna jirani. Mguu umesimama juu ya magurudumu mawili, moja kila mwisho. La mbele likifika juu ya ufa, hakuna kinachoishika fremu upande ule. Lile dogo la pili lina kipenyo cha 42, kwa hiyo upande wake wa chini uko milimita 8 juu ya lami. La mbele litazama na kugonga kabla lile dogo halijagusa chini. Ufa ule ule, kasi ile ile, mtu yule yule, na mmoja amepita huku mwenzake amelala kifudifudi. Hili halihusiani na ushujaa wala kipaji. Ni mpangilio wa nukta nne dhidi ya nukta mbili, na hakuna mazoezi yanayolibadilisha. Mazoezi humfundisha tu mwenye antiroka kutanguliza mguu mmoja na kuegemea nyuma kila aonapo ufa, akitumia akili yake yote kwenye jambo ambalo fremu ingelimfanyia bure.

Jiwe dogo, nakiri, haliwabagui hao wawili. Kokoto likikutana na gurudumu la mbele, flati na antiroka huumia sawasawa, na hapo kinachosaidia ni kipenyo na wepesi wa jicho. Lakini nyufa, viungio, matundu ya vifuniko na mipaka ya kabro ndiyo sehemu kubwa ya ardhi yetu ya mjini.

Kuna pia suala la mzigo. Mtu wa kilo 70 akisukuma mguu mmoja, mwingine unabeba mwili wote. Kwenye flati kila gurudumu linabeba kilo 17 na nusu. Kwenye antiroka kila moja linabeba 35. Gurudumu la plastiki hii tunayoiita yurethani likibebeshwa zaidi hubonyea zaidi, na kubonyea huko ndiko kunakokula mwendo, ndiyo maana mwenye antiroka husukuma mara nyingi zaidi kuipata kasi ile ile barabarani na hufika mahali pa kugraindi miguu imeshakwisha. Magurudumu yake nayo huisha mapema, kwa kuwa mawili yanafanya kazi ya manne. Mtaalamu wa Ulaya akimaliza jozi hupata nyingine. Kwetu magurudumu ya kugraindi huagizwa kutoka nje au hubebwa na ndugu anayesafiri, na kijana huyatumia hadi yanakuwa na umbo la yai. Kumshauri achague mpangilio unaomaliza magurudumu kwa haraka zaidi, katika mji usio na duka la kuyauza, ni ushauri wa mtu asiyewahi kusubiri mzigo miezi miwili.

Beringi, kwa bahati nzuri, hazina shida hiyo. Skeiti hutumia beringi ya 608, yenye tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha 22 na unene wa 7, na saizi hiyo imo kwenye mota na mashine nyingi, kwa hiyo wauza vifaa vya mafundi huwa nayo. Msidanganywe na namba za ABEC zilizochapwa kwa rangi. Namba hizo hupima usahihi wa utengenezaji. Hazipimi mwendo, na vumbi la siku moja huisawazisha ya 9 na ya 3.

Sasa wapo wanaoisikia hoja yangu hii ya lami mbovu na kurukia upande wa pili kabisa. Kama shida ni nyufa, wanasema, basi tuvae makubwa: milimita 72, milimita 80, na tugraindi nayo. Mtindo huu una wapenzi wake na una video zake. Kwa safari ya mjini, 80 ni gurudumu zuri. Kwenye ufa ule wa milimita 30, hata likizama halizidi milimita 3. Lakini rudi kwenye rula. Magurudumu manne ya 80 kwenye fremu ya milimita 250 hubakiza jumla ya milimita 10 kwa mapengo yote matatu. Pengo la katikati halipo. Ya 72 hubakiza 34, na ukiipa kila jozi milimita 2, katikati unapata 30, karibu na ile fremu ya mwanzo iliyowasumbua waanzilishi. Tena mguu unapanda juu. Kila milimita ya kipenyo hukuinua nusu yake, na fremu huongeza yake ili gurudumu lisiguse soli. Kifundo kilichoinuliwa sentimita moja na zaidi hupinda kwa nguvu kubwa zaidi mtu anapotua vibaya, na anayejifunza hutua vibaya kila siku. Wapo mabingwa wanaoyaweza haya. Wanaweza kwa sababu walishajua kugraindi kabla hawajayavaa.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakujibu bila kuzunguka: fremu ya UFS, flati, yenye ekseli zilizosogezwa pembeni na pengo la katikati lisilopungua upana wa bomba la milimita 60, magurudumu manne ya 58, au ya 60 kama fremu inayapokea bila kusugua, ugumu wa karibu 88. Lami ikiwa mbovu sana, shuka kidogo hata 85, utapoteza kasi kidogo sakafuni na kupata amani barabarani. Usiende 55 eti kwa ajili ya pengo. Utapata milimita 3 za pengo na utapoteza kilomita za uhai wa gurudumu, kwani gurudumu jipya la 55 ni sawa na la 58 lililokwisha kulika.

Plastiki au aluminiamu? Hapa sitatumia muda. Plastiki iliyotiwa nyuzi huserereka vizuri juu ya zege na chuma na ni nyepesi. Aluminiamu ni ngumu na haipindi. Anayeanza achukue plastiki. La muhimu zaidi kuliko aina ya malighafi ni kwamba fremu isiwe imepinda, matundu ya ekseli yasiwe yamepanuka, na kila ekseli iingie na kukaza kwa mkono bila kulazimishwa. Fremu ya mitumba yenye tundu lililopanuka haifai hata ikiwa na jina kubwa ubavuni.

Na kwa kuwa nimetaja mitumba, niseme neno juu ya jambo linalonisikitisha. Skeiti nyingi zinazofika kwenye masoko yetu ni za mazoezi, zenye magurudumu ya 76 au 80 na fremu iliyopigwa ribiti kwenye kiatu. Vijana huzipenda, na kwa kukimbia wana haki. Lakini muuzaji asiyejua huwaambia kwamba watabadilisha fremu baadaye. Fremu ile haitoki bila kukiharibu kiatu, na hata ikitoka, kiatu hakina kitako cha UFS wala bamba la soli. Kijana akitoa akiba yake kwa ahadi hiyo, amenunua skeiti ya kukimbia kwa bei ya ndoto ya kugraindi. Kabla hujatoa pesa, pindua kiatu. Tafuta bolti mbili chini ya soli, moja mbele, moja kisiginoni, na soli bapa isiyo na ngazi. Usipoziona, skeiti hiyo ibaki ya barabara na uipende hivyo.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa vijana: kwamba flati haionekani sawa. Kwamba magurudumu manne yaliyolingana chini ya mguu hukufanya uonekane mgeni. Waskeiti wa mwanzo kabisa walizipanda reli kwa magurudumu manne yaliyogusa chini, na miaka hii wengi miongoni mwa wanaoheshimiwa Marekani na Ulaya wamerudi kwenye flati kwa sababu wanataka kufika kwenye kingo kwa kasi na kutua kwa kasi. Kinachoonekana vizuri ni mtu anayekuja kwa mwendo, akapanda ukingo bila kusita, akashuka na kuendelea na barabara kana kwamba ukingo ulikuwa sehemu yake. Mwendo huo hutoka kwenye magurudumu. Antiroka huukata kabla ya kuruka na huukata tena baada ya kutua, pale magurudumu mawili yanapoupokea uzito wote kwa mpigo na kutafuta ufa wa kuingilia.

Wataniambia pia kwamba nawanyima wanaoanza msamaha wa magurudumu magumu wakati ndio wanaouhitaji zaidi. Nalijibu hili kwa uzito kwa kuwa linatoka moyoni kwa wanaolisema. Wameona watoto wakianguka. Anayeanza haanzi na reli ya ngazi. Anaanza na ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, sentimita 15 au 20 kutoka chini, na kitu cha kumlinda hapo ni nta, kofia ngumu, vilinda magoti na mwalimu anayemwambia apinde magoti zaidi kabla ya kuruka. Akianguka kutoka hapo atachubuka. Lakini miezi ile ile anajifunza kusimama, kugeuka, kurudi nyuma, kuruka na kutua kwa mguu mmoja, na haya yote hufanyika juu ya lami, kwa kasi, karibu na magari. Anguko baya zaidi la mskeiti mchanga hutokea barabarani. Basi ulinzi uwekwe huko. Siku atakapoanza kushuka reli ndefu na kuona mwenyewe kwamba gurudumu linamng'ata mara kwa mara, ataweka mawili madogo katikati ya fremu ile ile ya flati kwa dakika tano na ufunguo mmoja. Fremu ya flati unaigeuza kuwa antiroka wakati wowote. Fremu nyingi zilizoundwa kwa ajili ya antiroka peke yake hazikubali magurudumu makubwa katikati. Yatasugua plastiki na kugoma kuzunguka. Njia moja ina mlango wa kurudia, nyingine haina.

Kama tayari unayo antiroka, usiitupe. Toa magurudumu ya katikati, azima mawili ya rafiki yako ya 56 au 58, yafunge na uyazungushe kwa kidole. Yakizunguka bila kugusa fremu, unahitaji magurudumu mawili tu kwa kila mguu ili uwe na flati, na upo karibu kuliko ulivyodhani. Yakigusa, weka ya ukubwa unaoingia na upunguze ya nje yafanane nayo, hata kama ni 54, uone lami inavyobadilika chini ya mguu wako kwa wiki nzima kabla hujaamua.

Na nyinyi mnaowafundisha watoto kwenye maegesho siku za Jumapili, mnaoazima skeiti zenu na kukaa juani mpaka jioni bila malipo, nawaomba jambo moja. Mtoto akija kuwauliza anunue nini, msimtajie fremu ya mtu mliyemwona kwenye video. Muulizeni anakaa wapi, anakuja kwa njia gani, na lami ya mtaa wao ikoje. Kisha mwambieni flati, milimita 58, ugumu 88.